Siku moja Moshi: kupanda Mandara, kufuata mfongo au kushuka Rau?

Mwisho wa Desemba Moshi hujaa. Watu wa Dar, Mwanza, Nairobi na ng'ambo hurudi nyumbani, mbuzi huchinjwa, ndugu hutembeleana, na kati ya Krismasi na mwaka mpya hubaki siku moja tupu ambayo vijana huanza kusema "twendeni mahali". Mahali penyewe mara nyingi huwa ni lango la Marangu: picha mbele ya bango, soda, kisha kurudi. Hiyo ni siku iliyopotea, maana ndani ya mwendo mfupi kutoka mjini kuna matembezi matatu ya kuanza asubuhi na kuwa nyumbani kabla ya chakula cha usiku, na hayafanani hata kidogo.

Yote matatu yanafuata maji yaleyale. Juu kuna msitu wa Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro unaoyakusanya. Katikati kuna mifongo, ile mifereji ya kale ya Wachagga inayoyagawa kwenye vihamba, yaani mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba. Chini, karibu na mji, kuna msitu wa Rau na mifereji ya skimu ya mpunga inayoyamalizia kwenye majaruba. Wengi huchagua kwa jina la mlima, wakidhani kilicho juu zaidi ndicho bora zaidi. Mimi nasema anza na watu unaokwenda nao na hali ya magoti yao.

Mandara, kwa wenye pumzi

Mandara ni kituo cha kwanza cha kulala kwenye njia ya Marangu, lakini kwa mtu wa siku moja ndicho mwisho wa safari. Lango liko kama mita 1,860 juu ya usawa wa bahari, Mandara iko kama mita 2,720, na kati yao kuna kilomita 8 hivi. Maana yake unapanda zaidi ya mita 800 kwa miguu, halafu unazishuka zote alasiri, na kushuka ndiko kunakoumiza. Mwenye mazoezi hutumia saa tatu hadi nne kwenda juu. Mtu wa ofisini ambaye mlima wake wa kila siku ni ngazi za ghorofa ya pili ajipe saa tano na asione haya. Wanaompita kwa mbio atawakuta wamekaa Kisambioni, pale katikati ya njia, wakitafuta pumzi.

Msitu wenyewe unalipa jasho hilo. Huu ni upande wa kusini, unaopata mvua nyingi, kwa hiyo kila kitu kimevaa kuvu na ukungu: mipodo, miti ya kafuri, majani makubwa ya mijimbi, vijito vinavyokatiza njia kila baada ya hatua kadhaa. Mbega hukaa juu kimya na mikia yao meupe ikining'inia; kima ndio wenye fujo. Tazama pia chini kandokando ya njia. Kuna ua dogo jekundu lenye mkia uliojikunja, *Impatiens kilimanjari*, ambalo halioti porini kwingine kokote duniani isipokuwa kwenye mlima huu. Watu wengi hulipita wakitafuta tembo.

Ukifika Mandara utakuta nyumba za mbao zenye paa kali la pembetatu, wageni wanaoelekea kilele cha Kibo wakinywa chai, na wapagazi, au wagumu kama wanavyoitana wenyewe, wakipanga mizigo. Wajerumani walikuwa wamepaita kwa jina la Bismarck. Leo panabeba jina la Mandara, yaani Mangi (mtawala) Rindi wa Moshi, aliyefariki mwaka 1891. Usiishie hapo. Ongeza dakika kama ishirini hadi kasoko ya Maundi, maana Mandara yenyewe imezungukwa na miti na huoni kitu. Maundi ndipo msitu unapofunguka: upande mmoja Kibo na Mawenzi kama mawingu yataruhusu, upande mwingine nchi inashuka hadi Kenya na Ziwa Jipe linang'aa chini kule.

Udhaifu wa Mandara ni kwamba hakuna hadithi ya watu njiani. Ni miti, maji na kupanda. Mtoto wa miaka sita atafurahia mbega wa kwanza, na baada ya saa moja atauliza kama tumefika, na atauliza hivyo hadi mwisho. Mawingu nayo hayana huruma: yakiingia saa nne asubuhi, utapanda saa nne zote na kuuona mlima mchache kuliko aliyebaki mjini. Na hairuhusiwi kwenda peke yako. Ni lazima uwe na mwongozaji aliyesajiliwa na hifadhi.

Mfongo, njia ya tambarare mlimani

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapopakosea zaidi. Mtu aliyekulia Uchaggani huuona mfongo kama kitu cha kawaida, mtaro wa kuruka ukienda dukani. Mgeni haujui kabisa. Wote wawili wanaukosa.

Miteremko ya Kilimanjaro imekatwakatwa na makorongo. Ukitaka kwenda kwa jirani wa ng'ambo ya mto, unashuka hadi chini kabisa halafu unapanda tena, na njia nyingi za vijijini ni hivyo hivyo. Mfongo hauendi hivyo. Waliouchimba walitafuta banio, mahali pa kuchepushia maji, juu sana kwenye korongo, wakayazuia maji kwa mawe, matope na magogo ya migomba, kisha wakayaongoza kando ya ukuta wa korongo kwa mteremko mdogo mno, wakikwepa mwamba huu na kuzunguka mzizi ule, hadi yakatokea juu ya mgongo wenye mashamba. Hawakuwa na vipimo zaidi ya macho na maji yenyewe. Matokeo yake ni kwamba kijia kilicho kando ya mfongo ndicho karibu njia pekee ya tambarare kwenye mlima mzima. Unatembea saa nzima bila kuhema, korongo liko mkono mmoja, migomba mkono mwingine, na maji yanakuongoza.

Mfongo ni mali yenye wenyewe. Kwa desturi ulikuwa wa ukoo uliouchimba, una mzee wake, na maji hutolewa kwa zamu: leo kihamba hiki, kesho kile. Maji ya usiku hayaachwi yaende bure. Hukusanywa kwenye nduwa, bwawa dogo la udongo, na kufunguliwa asubuhi. Siku ya kusafisha mfereji kila nyumba ilitoa mtu, na asiyetokea alitozwa faini, mara nyingi mbege, pombe ya ndizi. Wazungu wa kwanza kupita huku katika karne ya 19 waliandika kuhusu mifereji hii kwa mshangao, na bado inashangaza ukiiona ikikata mahali ambapo ungeapa maji yanapanda. Hayapandi. Ni macho yako yamezoea mteremko.

Lakini usiondoke tu kufuata mtaro wowote. Mifongo mingi imekufa: mabomba yamekuja, kahawa haikulipa tena kama zamani, vijana wa kusafisha wamehamia mijini, na maji yenyewe yana wagombea wengi. Uliza mapema mfongo upi una maji msimu huo. Wenyeji watakwambia bila kusita, na wakati mwingine watakuonyesha mfereji mkavu uliofukiwa na kukueleza ni nani aliuacha.

Uru ndiko ninakopendekeza kwanza. Kutoka Moshi mjini ni kilomita kumi na kadhaa za kupanda, kwa gari ndogo ya abiria au bodaboda. Huko kuna majina mawili utakayosikia. Materuni ni maarufu kwa maporomoko yake, maji yanayoanguka makumi ya mita kwenye ukuta wa mwamba, na kwa kahawa: utakoboa, utakaanga, utatwanga kwenye kinu huku watu wakiimba, kisha utainywa. Ni burudani nzuri mara ya kwanza. Mara ya pili utaanza kuona kwamba nyimbo zinafuata ratiba, na siku za wageni wengi kijia cha kwenda maporomokoni hugeuka foleni. Tena hiki si kijia cha tambarare: mwisho wake unashuka korongoni, na kilichoshuka kitapanda.

Shimbwe, jirani yake, haina maporomoko ya kutangaza. Ina kihamba chenyewe. Mwaka 2011 FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, iliutambua mfumo wa vihamba vya Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wa dunia, na ukitembea humo unaona sababu bila kuelezwa. Juu kuna miringaringa na misesewe (magome ya msesewe ndiyo yanayoipa mbege uchungu wake), chini yake migomba ya aina ambazo mzee atakutajia hadi uchoke, chini ya migomba kahawa, chini ya kahawa magimbi, na mfongo mdogo unapita katikati ya yote. Mpaka wa shamba si ukuta, ni mimea ya masale. Kwa mtu anayetaka kuona mlima unavyoishi, Shimbwe inaishinda Materuni, na kwa maoni yangu inaishinda hata Mandara.

Waliofikia Marangu au Kilema hawana haja ya kuvuka wilaya. Kuna maporomoko ya Kinukamori karibu kabisa na Marangu Mtoni, Ndoro na Kilasiya mbele kidogo, na vijia vya mifongo vinavyounganisha vihamba kati yake. Mpe kijana wa pale nusu siku akuongoze. Ukienda mwenyewe utaishia uani kwa mtu ukifukuzwa na mbwa.

Jambo moja la kuangalia: juu ya vijiji kuna ukanda wa msitu ambao wenyeji huuita nusu maili. Tangu mwaka 2005 msitu huo uko ndani ya mipaka ya hifadhi. Mabanio mengi ya mifongo yako humo, na ni kishawishi kuendelea kupanda "tuone maji yanapoanzia". Bila kibali, hapo umevunja sheria. Geuka.

Na adabu za mfereji ni chache lakini zina uzito. Shikamoo kwa kila mzee unayempita. Usitembee juu ya ukingo laini ukaubomoa, usinawe miguu humo, kwa sababu chini yako kuna mtu anayenywesha ng'ombe au kuosha vyombo kwa maji hayo. Wewe mwenyewe usiyanywe. Usihamishe jiwe wala gogo lililozuia maji hata kama linaonekana limeanguka lenyewe. Hiyo ni zamu ya mtu, na ugomvi wa maji Uchaggani si mzaha.

Rau, chini ya mlima

Rau haitajwi sana, na ndiyo rahisi kuliko zote. Ni msitu wa hifadhi ulio chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, hekta mia tano na ushei, ulio karibu na mji kiasi cha kufika kwa bajaji. Uko chini ya mita 800, ni tambarare kama meza, na unaishi kwa chemchemi za maji ya mlima yanayotokea ardhini. Kuna mivule mikubwa ambayo watu wanne hawaizungushi mikono, kuna msoo, mti adimu unaoota sehemu chache sana duniani, na kuna mbega wale wale ambao wengine wamewapandia Mandara.

Ukitoka msituni unaingia kwenye mpunga. Skimu ya Lower Moshi ilijengwa miaka ya 1980 kwa msaada wa Japani, ikichukua maji ya mto Rau na ya chemchemi za Njoro. Mifereji mikuu ni ya zege, imenyooka, na kingo zake ni njia za kutembea na za baiskeli. Hakuna cha mzee wa ukoo hapa. Kuna milango ya chuma, jumuiya ya wakulima na ratiba ya mgao. Kuna pia ndege wengi wa majini, na wanawake wanaopandikiza mpunga kwa kasi inayomtia aibu mtu aliyekuja kutalii.

Na hapa kuna kichekesho: asubuhi kabla ya saa mbili, ukingoni mwa majaruba ya Mabogini, unauona Kibo kuanzia kiunoni hadi theluji iliyobaki, nao mlima ukiwa umejiakisi majini. Hakuna anayeuona hivyo akiwa juu yake. Anayetaka picha ya mlima asiupande.

Ubaya wa Rau ni joto, na ni mbu. Huku chini malaria ipo, tofauti na Mandara ambako baridi hairuhusu, kwa hiyo mikono mirefu na uondoke kabla ya magharibi. Usitie miguu kwenye maji ya majaruba wala mifereji, kichocho kipo. Ndani ya msitu, hasa baada ya mvua, angalia siafu kabla ya kusimama mahali pamoja kupiga picha.

Mfuko na makaratasi

Tofauti kubwa kuliko zote iko hapa. Hifadhini, mgeni mtu mzima asiye wa Afrika Mashariki hulipa dola 70 kwa siku kama ada ya uhifadhi peke yake, kabla ya VAT, mwongozaji na usafiri. Raia wa Tanzania na wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi, sehemu ndogo sana ya kiasi hicho. Lakini uraia unathibitishwa kwa kitambulisho, si kwa lafudhi. Bila NIDA au pasipoti unabishana na mtu ambaye hana mamlaka ya kukusamehe. Binamu aliyezaliwa Minneapolis na mwenye pasipoti ya Marekani ni mgeni hata kama babu yake amezikwa kilomita mbili kutoka lango, na ni vizuri familia ikalijua hilo nyumbani kuliko kulijulia dirishani. Langoni hawapokei fedha taslimu. Unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu, benki au kadi.

Uru na Marangu unalipa ushuru wa kijiji, kiongozi wa hapo, na kahawa au chakula ukitaka. Kubaliana bei yote kabla ya kuanza kutembea, mbele ya watu. Rau ina kiingilio cha msitu na kiongozi wa wenyeji. Kwa familia ya watu sita ndiyo nafuu kuliko zote.

Kwa usafiri, Mandara inataka uamke mapema. Kosta za Moshi kwenda Marangu Mtoni hupitia Himo, halafu bodaboda hadi langoni. Ukifika pale saa tano umechelewa. Utaambiwa hivyo, au utaruhusiwa na kugeuzwa njiani.

Msimu na miguu

Januari na Februari kuna anga safi na vumbi. Masika, Machi hadi Mei, udongo mwekundu wa Uru hugeuka sabuni, na kijia cha korongoni Materuni ni cha kuachia wenye gambuti na uzoefu. Njia ya Mandara inavumilia mvua vizuri zaidi kwa sababu imetengenezwa, ina mitaro na madaraja, ingawa wewe mwenyewe utalowa hadi mfupa. Juni hadi Agosti ni baridi na mawingu hukaa siku nzima juu ya msitu. Hapo Rau ndiyo inayofaa. Desemba, wakati watu wamejaa, vuli bado inaweza kukukuta alasiri. Anza mapema popote uendako.

Raba za kawaida zinatosha Rau na kwenye mfongo mkavu. Mandara inataka kiatu chenye meno, koti la mvua hata kama jua linawaka Moshi, na sweta kwa ajili ya kukaa juu ukila. Chakula cha Mandara ubebe mwenyewe. Uru utakula machalari au mtori ukiagiza mapema asubuhi ili vipikwe ukiwa unatembea. Mbege iwe ya mwisho, baada ya korongo.

Sasa, kuchagua. Vijana wanne wenye afya ambao mwakani wanataka kwenda kilele cha Uhuru waende Mandara na Maundi. Watajua miili yao inavyoitika, ingawa Mandara bado ni chini mno kusema lolote kuhusu Kibo. Wazazi wenye watoto wa shule ya msingi, Shimbwe bila kusita: kuna maji ya kutupia majani, kuna ng'ombe, kuna mtu wa kuongea naye kila kona. Wapenda ndege, wapiga picha na wenye baiskeli, Rau alfajiri. Wageni wenye pasipoti za mbali na siku moja tu, Materuni itawapa kahawa na maporomoko kwa sehemu ndogo ya bei ya lango. Mwenye siku mbili aunganishe Rau na Uru, aone maji yakigawanywa juu na kumalizwa chini, na hifadhi aiache kwa safari nyingine.

Kama bibi naye anataka kwenda, chagueni Kinukamori. Gari linafika karibu, kuna mahali pa kukaa juu ya maporomoko, na wanaoshuka ngazi watamkuta palepale wakirudi.